Queen Kabla ya Kuvuma: Safari za 1970 hadi 1974 na Namna Zilivyosimuliwa

Watu wengi wa Afrika Mashariki waijua bendi ya Queen ya Uingereza kwa jambo moja, nalo ni kuwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, na kuwa jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Jambo hili ni kweli, na kulitaja ni haki yetu. Lakini kwa kutajwa mno limegeuka pazia. Mtu akishasema kuwa huyu ni wetu huona amekwisha kazi ya uhakiki, wala haulizi tena jinsi kijana wa Kiparsi, mwana wa mshika fedha wa serikali ya kikoloni, alivyopata ule uwezo wa kusimama mbele ya maelfu ya watu na kuwafanya kinywa kimoja. Uwezo huo hakuzaliwa nao, wala hakuupata siku alipotokea katika televisheni. Aliupata njiani, katika kumbi ndogo za Uingereza, kati ya mwaka 1969 na 1974, wakati yeye na wenzake walipokuwa hawajulikani ila na rafiki zao.

Makala haya yahusu miaka hiyo. Nakusudia kuitazama kwa njia mbili pamoja: mambo yenyewe yalivyokuwa, na namna yalivyosimuliwa katika sinema iitwayo Bohemian Rhapsody, iliyotoka mwaka 2018. Sababu ya kuishika sinema hiyo ni kuwa imekuwa ndiyo kitabu cha watu wengi juu ya habari hii. Ilipata tuzo nne za Oscar mwaka 2019, moja ikiwa ya Rami Malek aliyemwigiza Mercury, na juu ya uigizaji wake sina neno. Neno langu ni juu ya usimulizi. Sinema ina haki ya kufupisha. Hata mtunzi wa utenzi hufupisha vita vya miaka katika beti chache, na hapana amlaumuye. Ila kuna kufupisha kunakohifadhi maana, na kuna kufupisha kunakoigeuza maana ikawa nyingine.

Katika sinema mambo huenda hivi. Usiku mmoja kijana aenda kusikiliza bendi iitwayo Smile. Mwimbaji wa bendi ajitoa usiku ule ule. Kijana awatokea nje, penye gari lao, awaimbia kidogo, nao wamkubali. Katika onyesho lao la kwanza mpiga besi John Deacon yuko nao tayari. Nguzo ya kipaza sauti yakatika mkononi mwa mwimbaji, na mtindo uliokuja kujulikana ulimwenguni wazaliwa hapo hapo. Kisha gari lapasuka mpira njiani, Mercury atoa shauri liuzwe wapate fedha za kurekodi, na nyimbo zarekodiwa. Kwa dakika chache tumetoka mwanzo na tumefika mlangoni pa utajiri. Mtazamaji huondoka akidhani kipaji ni kama taa ya umeme, kwamba ni kubonyeza tu ikawaka.

Mambo yenyewe hayakuwa hivyo. Smile iliundwa London mwaka 1968 na Brian May, mwanafunzi wa fizikia katika Imperial College, pamoja na Tim Staffell, aliyepiga besi na kuimba. Roger Taylor, kijana wa Cornwall aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, aliingia kwa kuitikia tangazo la kutafuta mpiga ngoma lililobandikwa chuoni. Staffell alisoma katika chuo cha sanaa cha Ealing pamoja na Bulsara, na kwa njia hiyo Bulsara akajuana na Smile. Akawa akifuatana nao katika maonyesho yao, akiwaambia wavae nini na wasimame vipi, kwa maneno mengi kuliko walivyotaka kuyasikia. Basi hakuwa mgeni wa usiku mmoja. Alikuwa msikilizaji wao na mhakiki wao kwa miezi mingi kabla ya kuwa mwimbaji wao, na nafikiri hapo ndipo penye jambo kubwa ambalo sinema imelipoteza. Mtu aliyesikiliza bendi kwa muda mrefu huku akifikiri kuwa angeifanya vizuri zaidi huingia jukwaani na mashauri yaliyokwisha kuiva, na huyu aliingia nayo.

Tena alikuwa na safari zake mwenyewe. Alipokuwa mtoto katika shule ya Panchgani, Bara Hindi, alipiga kinanda katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Mwezi Agosti, 1969, alijiunga na Ibex, vijana wa Liverpool, akaenda nao Bolton kuimba. Mwaka ule ule bendi hiyo ikabadili jina ikaitwa Wreckage, kisha ikavunjika. Mapema mwaka 1970 aliimba kwa muda mfupi na bendi nyingine, Sour Milk Sea, nayo ikavunjika. Kwa hiyo Staffell alipojitoa, wenzake hawakumchukua mtu aliyeokotwa uani. Walimchukua mtu aliyekwisha kuvunjikiwa na bendi mbili mikononi mwake.

Hata ile habari ya nguzo ya kipaza sauti ni ya siku hizo za Wreckage, kama walivyoieleza waliokuwapo. Nguzo ilikuwa nzito, tako lake la chuma likaachana na fimbo, naye akaendelea kuimba huku ameishika ile fimbo ya juu. Msomaji aweza kusema kuwa hili ni jambo dogo, na kwamba si kitu likiwekwa usiku huu au usiku ule. Mimi sikubali. Katika sinema ni ajali ya usiku wa kwanza, nayo yaonyesha bahati. Katika habari ya kweli ni ajali iliyompata katika bendi moja, akaipenda, akaichukua akaenda nayo katika bendi nyingine, akairudia kila usiku kwa makusudi. Ya kwanza ni muujiza. Ya pili ni uchaguzi wa msanii, na mhakiki hana la kusema juu ya miujiza.

Onyesho la kwanza la bendi mpya lilikuwa katika mji wa Truro, Cornwall, tarehe 27 Juni, 1970. Lilikuwa onyesho la kukusanya fedha za Msalaba Mwekundu, na aliyelitengeneza ni mama yake Roger Taylor. Walitangazwa kwa jina la Smile, maana makubaliano yalikuwa ya zamani. Deacon hakuwapo, wakati huo alikuwa hata hajajuana nao. Mpiga besi alikuwa Mike Grose. Baada yake alikuja Barry Mitchell, na baada ya huyo Doug Bogie, ambaye hakukaa. Deacon, mwanafunzi wa elimu ya elektroniki, aliingia mapema mwaka 1971, akiwa ni mtu wa nne katika nafasi hiyo kwa muda usiotimia mwaka.

Sinema imewafuta hao watatu, nami naona imejidhuru yenyewe kwa kuwafuta. Katika muziki wa roki besi na ngoma ndizo sakafu. Gitaa na sauti hucheza juu yake. Bendi inayobadili mpiga besi kila baada ya miezi michache ni nyumba inayobomolewa sakafu huku wenyeji wamo ndani. Kila mgeni aliyekuja ilibidi afundishwe nyimbo zote upya, na wanaofundisha hulazimika kujua kwa nini wafanya wafanyavyo. Walipompata Deacon, kijana mkimya asiyetaka kushindana nao jukwaani, walijua wamepata nini, kwa kuwa walikwisha kuonja kukosa. Mtazamaji wa sinema amwona Deacon ameketi pale tangu mwanzo, kama kiti kilichokuja na nyumba.

Siku zile walikuwa na vyombo vichache, na baadhi yake walivitengeneza kwa mikono yao. Gitaa la May alilitengeneza yeye na baba yake kuanzia mwaka 1963, na shingo yake ilichongwa katika mbao za kizingiti cha meko ya zamani; hulipiga mpaka leo, tena kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Deacon aliokota vipande vya elektroniki vilivyotupwa takani, akavifanya kikuza sauti kidogo ambacho May alikuja kukitumia sana studioni. Mercury na Taylor walikuwa na kibanda cha nguo katika soko la Kensington. Mercury, aliyejipa jina hilo wakati huo huo bendi ilipopata lake, aliichorea bendi nembo kabla haijawa na santuri hata moja: simba wawili, kaa, na mabinti wawili wa kichimbakazi, kwa kufuata nyota walizozaliwa nazo wale wanne, na juu yao ndege mkubwa. Wako waliocheka. Kuna ujasiri fulani katika kuichorea ngao ya kifalme bendi ambayo haikodishwi na mtu.

Nao kwa hakika hawakukodishwa mara nyingi. Waliwaita rafiki zao wakapiga bure katika chumba cha kusomea cha Imperial College. Wakati wa joto, mwaka 1971, walizunguka Cornwall, nchi ya Taylor, ambako alikuwa na watu wa kumjua. Walipiga katika vyuo, mbele ya wanafunzi waliokuja kunywa na kuzungumza. Yasimuliwa kuwa katika chuo kimoja cha London, mapema mwaka 1972, wasikilizaji hawakuzidi sita.

Swali la maana ni hili: watu sita wakusikilizapo, unajifunza nini? Wenye kusimulia habari za bendi hupenda kujibu kuwa unajifunza uvumilivu. Jibu hilo ni jepesi mno. Nikizitazama nyimbo zenyewe naona kwamba walijifunza kutunga. Njia ndiyo iliyokuwa karakana yao, na ushahidi wake upo katika santuri walizotoa baadaye, kwa mwenye kutaka kuutafuta.

Chukua wimbo uitwao Stone Cold Crazy. Ulitoka katika santuri ya mwaka 1974, Sheer Heart Attack, na kila ausikiaye hudhani ni kazi ya mwaka huo, kwa jinsi ulivyo na kasi na ukali. Lakini mzizi wake ni wa siku za Wreckage, na Queen waliuimba tangu maonyesho yao ya mwanzo kabisa. Haukuwa na kasi hiyo hapo kwanza. Ulikwenda polepole zaidi. Kwa miaka minne ulibebwa kutoka ukumbi hadi ukumbi, kila ukumbi ukiuondolea kitu na kuuongezea kingine, hata ulipofika studioni hapana kati yao aliyeweza kukumbuka vizuri ni nani aliyetunga nini. Ndipo wakaandika majina yote manne. Katika santuri zao za mwanzo karibu kila wimbo una jina la mtungaji wake mmoja, nao walikuwa watu wa kushikilia haki zao, hata ikaleta ugomvi miaka ya mbele. Huu ndio wimbo wa kwanza walioukubali kuwa ni wa wote. Sisi tuliozoea nyimbo za ngoma twajua jambo hili bila kufundishwa: wimbo uliochezwa sana hupoteza mwenyewe. Ajabu ni kuliona likitokea London, katikati ya watu wa hatimiliki na mawakili.

Wimbo Liar, uliomo katika santuri ya kwanza, ulichipuka katika wimbo wa siku za Ibex ulioitwa Lover. Sehemu ndefu ya gitaa peke yake, ambayo wasikilizaji waijua katika Brighton Rock ya mwaka 1974, ilianzia katika wimbo wa Smile ulioitwa Blag. Kisha ikahamishiwa katikati ya Son and Daughter wakati wa maonyesho, ikakaa huko na kukua usiku hata usiku, mpaka ikapata nyumba yake ya mwisho. Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu mambo ya namna hii ndiyo ambayo sinema yoyote ingeweza kuyaonyesha kwa urahisi. Hebu mtazamaji asikie sehemu ile ile ya gitaa mara tatu: ikiwa changa katika chumba cha chuo, ikiwa imerefuka katika klabu ya Cornwall, ikiwa imetimia katika santuri. Angeelewa kazi ya miaka sita bila kuambiwa neno. Badala yake sinema yatuonyesha Queen katika safari yao ya kwanza ya Marekani, iliyokuwa mwaka 1974, wakiimba Fat Bottomed Girls, wimbo wa mwaka 1978. Kosa hilo si la tarehe tu. Lathibitisha kuwa mtengenezaji wa sinema hakufikiri kwamba wimbo una umri.

Kisha kuna nyimbo za watu wengine. Bendi isiyojulikana haiwezi kuwapa watu nyimbo zake usiku kucha, maana watu hucheza wanachokijua. Queen walipiga Jailhouse Rock na nyimbo nyingine za zama za mwanzo wa roki. Lakini kati ya hizo waliweka Big Spender, wimbo wa tamthilia ya Sweet Charity, ambao Shirley Bassey aliuvumisha Uingereza mwaka 1967. Ni wimbo wa wanawake wa ukumbi wa dansi wamwitao mteja. Kijana mwenye nywele ndefu, mbele ya vikuza sauti vilivyofunguliwa mpaka mwisho, kuimba wimbo huo kwa madaha yake yote mbele ya wanafunzi waliokuja kusikia gitaa zito, lilikuwa jambo la kuthubutu. Wahakiki waliposhangaa mwaka 1975 kusikia opera katikati ya wimbo wa roki, walishangaa kwa kuwa hawakuwapo 1971. Mercury alikuwa akiwazoeza watu mambo ya tamthilia tangu zamani, kwa kipimo kidogo kidogo, kama mtu ampaye mgonjwa dawa ndani ya asali.

Sasa yafaa nitie neno la tahadhari, tusije tukaondoa ngano moja tukaweka nyingine. Iko ngano ya bendi iliyokula vumbi la barabara kwa miaka kumi ndipo ikaonekana. Queen hawakuwa bendi ya namna hiyo. Katika mwaka 1972 walitokea jukwaani mara chache mno. May alikuwa bado akifanya utafiti wa elimu ya nyota, ambao aliuacha ukiwa nusu na kuukamilisha mwaka 2007. Deacon na Taylor nao walikuwa na masomo. Walikuwa na mahali pa kurudia kama muziki ungewashinda, na kwa sababu hiyo waliweza kukataa kazi zisizowafaa. Baadhi ya waandishi wa Kiingereza waliwachukia kwa ajili hiyo, wakasema hawakulipa ada ya barabara. Kwa maoni yangu walilipa, ila hawakulipa kwa wingi wa siku. Walilipa kwa kufanya mazoezi kwa ukali, na kwa kwenda kila onyesho, dogo au kubwa, kama kwamba nusu ya mji imekuja. Hata hivyo mhakiki mwadilifu lazima aseme kuwa vijana wa makabwela wa siku zile, waliokuwa hawana chuo cha kurudia, hawakuwa na nafasi ya kuchagua hivyo.

Juu ya kuuza gari niseme kidogo tu. Bendi iliyouza gari lake kesho itakwenda kwa nini? Habari ya kweli ina maana zaidi. Mwaka 1971 studio ya De Lane Lea ilikuwa imehamia majengo mapya huko Wembley, na wenye studio walihitaji bendi yenye sauti kubwa ya kujaribia kuta na mitambo yao. Queen walikwenda wakapiga, na ujira wao ulikuwa ni kurekodiwa nyimbo tano. Hapakuwa na kafara wala shauri la kishujaa kando ya barabara. Palikuwa na kazi kwa kazi. Na kilichowapatia kazi hiyo ni kelele, yaani ile nguvu ya sauti waliyoizoea katika kumbi ambamo usipopiga kwa nguvu hapana akusikiaye. Vivyo hivyo baadaye, walipochukuliwa na wenye studio ya Trident mwaka 1972, walirekodi santuri yao ya kwanza katika saa ambazo wenye kulipa hawakuwapo, nyingi zikiwa za usiku. Santuri ilitoka Julai, 1973. Baadhi ya nyimbo zake zilikwisha kuimbwa kwa miaka mitatu, na watu waliozisikia kwa mara ya kwanza wakadhani bendi hii yaiga wengine waliotangulia kupata jina. Sahani yao ndogo ya kwanza, Keep Yourself Alive, haikuingia hata katika orodha ya nyimbo zinazouzwa.

Ndipo ikaja safari iliyowatengeneza. Kuanzia tarehe 12 Novemba, 1973, mjini Leeds, hadi katikati ya Desemba, Queen walizunguka Uingereza wakiwa bendi ya kutangulia Mott the Hoople. Cheo cha mtangulizi ni cheo kigumu. Watu wamelipa kumwona mwingine. Wengine wangali nje. Taa ni nusu. Muda ni mfupi, nawe huruhusiwi kuuzidisha. Ni kama ngoma ndogo inayopigwa watu wakimngoja manju. Kumbi sasa zilikuwa kubwa, na usiku wa Desemba huko Hammersmith, London, watu waliowapigia hawakuwa rafiki wala wanafunzi, walikuwa umma. May hakuisahau safari ya kufuatana na watu hao: walikwenda nao tena Marekani mwaka 1974, na katika wimbo wake Now I'm Here wa mwaka huo amewataja kwa jina. Sinema haikuwataja. Bendi iliyowafungulia mlango haimo.

Mlango wenyewe ulifunguka kwa bahati, na bahati hiyo nayo imefichwa. Februari, 1974, kipindi cha televisheni cha Top of the Pops kilikuwa kimekosa filamu ya David Bowie. Queen wakaitwa kujaza nafasi, wakaonekana tarehe 21, na Seven Seas of Rhye ukapanda hadi nafasi ya 10. Tarehe 1 Machi walianza safari yao wenyewe mjini Blackpool, na tarehe 31 walipiga katika ukumbi wa Rainbow, London. Ni katika safari hiyo ambapo watu, wakingoja bendi itoke, walianza kuimba wimbo wa taifa la Uingereza kwa ajili ya jina la bendi. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Miaka miwili kabla yake bendi ilikuwa ikiwaimbia watu wasiosikiliza. Sasa watu wanaiimbia bendi isiyokuwapo bado. Kiitikio kimetangulia sauti. May aliutengenezea wimbo huo santuri, wakaufanya mwisho wa maonyesho yao.

Sinema yamalizika kwa onyesho la Live Aid, tarehe 13 Julai, 1985, katika uwanja wa Wembley. Sehemu hiyo imetengenezwa kwa uangalifu wa ajabu, karibu wimbo kwa wimbo na hatua kwa hatua. Mercury atoa sauti, uwanja waitika. Atoa tena, waitika tena. Lakini mtazamaji hakupewa njia ya kujua mtu huyu alijifunza wapi kuita na kuitikiwa. Kwa hiyo humwona kama mchawi. Hapo ndipo ninapoishtaki sinema: imelipa gharama kubwa kuonyesha jibu, na swali haikuliuliza.

Sisi nasi tuna kosa letu la namna hiyo. Katika Mji Mkongwe kuna makumbusho ya Mercury yaliyofunguliwa mwaka 2019, na si vibaya. Lakini nimesikia watu wakisema kuwa sauti yake ni taarabu iliyojificha, na ushahidi wao ni neno moja la Kiarabu lililomo katika wimbo wake wa 1975. Huo si ushahidi. Mtu huyu alipelekwa Bara Hindi akiwa na umri wa miaka minane hivi, akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, aliondoka na wazazi wake kwenda Feltham, karibu na London. Kudai kuwa muziki wake ulitengenezwa kwetu ni kuwanyang'anya Truro, Bolton na Leeds haki yao, na ni kurudia kosa la sinema kwa lugha nyingine: kumfanya msanii kuwa kitu cha kuzaliwa, si kitu cha kufanya kazi.

Na tuna mfano bora hapa nyumbani, kutoka kisiwa hicho hicho. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad hakuanzia penye santuri. Siti alikuja mjini kutoka Fumba mwaka 1911, na santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Ni miaka kumi na saba, mbali na ile ya nyuma alipokuwa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti yake. Shaaban Robert hapungukiwi na mawaidha, na mara nyingine humshika msomaji mkono pasipo haja. Lakini umaskini wa mwanamke huyo hakuuruka, wala kujifunza kwake, wala dharau aliyoivumilia. Msomaji afikapo Bombay anajua kilichofika Bombay. Kitabu kile ni kidogo, na fedha zilizokitoa hazingetosha kununua nguo za waigizaji wa siku moja katika sinema hii.

Jambo moja limebaki, na sina budi kulisema kwa upande wa watengenezaji wa sinema. Tim Staffell, yule ambaye katika hadithi yao hana kazi isipokuwa kuondoka, alikuwa ametunga pamoja na May wimbo Doing All Right siku za Smile. Queen waliuchukua, wakauimba katika safari zao, wakautia katika santuri ya kwanza. Sinema ilipotengenezwa, May na Taylor walimwita Staffell, wakaurekodi wimbo huo upya kwa jina la Smile, naye akaimba. Umo katika santuri ya sinema ya mwaka 2018.